Kipingo Wakati wa Msiba

Kwa siku ya tatu mfululizo Lemok alimkuta mumewe, Unchat, amekaa mtoni saa sita mchana. Maji yalimfika kitovuni, kofia ya majani ilikuwa kichwani, na uso ameuelekeza ng'ambo kama mtu anayengoja chombo. Mto ulikuwa umekauka vibaya mwaka ule. Mahali pekee palipobaki na kina cha kukaa mtu palikuwa chini ya gati, mbele ya kila mwanamke aliyeshuka kuosha vyombo.

"Baba Siah, hutoki?"

"Joto."

"Joto gani hilo la tangu juzi?"

Unchat alijisogeza kidogo, akakunja uso, akatulia tena.

Lulong wa chumba cha tatu cha nyumba yao ndefu alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. "Mwache mwenzio, Mama Siah. Mwanamume akikaa kwenye maji baridi siku tatu, ama kaumwa na nyigu ama kajitia kipingo. Na mimi sijaona nyigu anayeuma hapo peke yake."

Wanawake wakaangua kicheko, kisha wote kwa pamoja wakaziba midomo kwa viganja vilivyolowa. Walikuwa wamesahau. Nyumba nzima ilikuwa msibani, siku ya ishirini na sita, na marehemu alikuwa baba yake huyo huyo aliyekaa majini.

Tangu mzee azikwe hapakuwa na redio, wala kicheko cha sauti, wala pambo. Siku ya maziko, watu wa vyumba vyote kumi na vinne walivua walichokuwa nacho, heleni, bangili, mikufu, hata saa za mkononi, vikatiwa kwenye kapu la henzirani, likafungwa kamba na kutundikwa darini. Lingefunguliwa siku ya kuvunja tanga, baada ya mavuno. Ndewe za Lulong, zilizozoea shaba nzito, zilining'inia tupu karibu na mabega.

Lemok alimtazama mumewe akitoka majini. Alipanda ngazi ya gogo kwa kuweka mguu mmoja, kungoja, kisha kuuleta wa pili. Jasho lilimtoka ingawa ngozi yake ilikuwa na baridi ya mto.

Chumbani alimvua kitambaa cha kiunoni mwenyewe. Unchat hakuzuia. Aligeuza uso ukutani.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Tagau."

"Tagau? Yule fundi wa mashine wa kambi ya magogo?"

"Ndiye huyo."

"Kwa kutumia nini?"

"Mwanzi. Kama wazee."

"Nauliza hicho kilichobaki ndani."

"Pini ya propela."

Lemok akakaa chini. Kila mtumbwi wa mashine huwa na kopo la akiba la pini hizo. Ni kijiti cha shaba, kifupi kuliko kidole cha mwisho, kinachokubali kukatika propela inapogonga jiwe ili mashine ipone. Yeye mwenyewe alikuwa amezibadilisha mara nyingi, amesimama kwenye maji ya kasi.

"Ya mashine ya nguvu za farasi wangapi?"

"Lemok!"

"Nauliza tu."

"Kumi na tano."

"Hm," alisema Lemok, akainama kutazama tena.

Alichokiona hakikuwa cha mzaha. Kipingo hupita kichwani mwa uume, kutoka upande mmoja hadi wa pili, na ncha zake hukaa nje, kila moja na kifundo chake. Hapa vifundo havikuonekana. Nyama ilikuwa imevimba na kung'aa, imevimeza vyote viwili. Upande wa kushoto palikuwa na doa la shaba tu, kama sarafu iliyozama kwenye tope. Pembeni yake palikuwa na rangi ya kijani.

Kosa lilikuwa rahisi. Wazee walibana nyama kwa mwanzi uliopasuliwa, siku kadhaa, mpaka ikawa nyembamba na kufa ganzi, ndipo wakatoboa. Tagau alibana usiku mmoja. Kisha akachukua kipimo cha pini nyama ikiwa bado ndani ya mwanzi, akaikata pini kwa urefu huo huo, akaweka vifundo na kuvigongea. Kwa kazi ya mashine huo ni upimaji mzuri. Lakini mwanzi ulipotolewa, nyama ilirudi kwenye unene wake, na juu ya unene wake ikavimba.

"Unakojoa?"

"Jana jioni. Matone."

"Leo?"

Unchat akatikisa kichwa.

Nyuma ya mkeka uliotundikwa kona ya chumba, alikokaa mama yake Unchat, mjane, hapakusikika kitu isipokuwa kinu kidogo cha tambuu. Kilikuwa kinatwanga. Kikaacha.

*

Habari haikuhitaji mtu wa kuipeleka. Kuta za vyumba ni za gome, na baraza ni moja, ndefu, kwa nyumba nzima. Kabla ya saa nane Ngumbang, mkuu wa nyumba, alikuwa ameketi mbele ya mlango wa kaka yake marehemu, na wanaume wengine wanane wameketi naye, na wanawake nyuma yao wakijifanya wanachambua mchele.

Ngumbang alikuwa mtu wa taratibu. Alizungumza polepole hata alipokuwa na hasira, na siku hiyo alikuwa na haya zaidi kuliko hasira.

"Sitaki maneno mengi," alisema. "Mimi ni baba yake mdogo, jambo hili linanichoma kuliko ninyi. Nauliza moja tu. Ni pambo au si pambo?"

"Pambo huvaliwa lionekane," alisema Sanggau, mume wa Lulong. "Hili nani ataliona?"

"Mkewe," alisema Lulong kutoka nyuma.

"Lulong, kuna msiba."

"Ndiyo, Mzee. Nimejibu swali tu."

"Mtu akiugua jino wakati wa tanga akatiwa la dhahabu mjini," Sanggau aliendelea, "tutamng'oa?"

"Jino ni la kulia. Lina kazi."

"Na hiki hakina kazi?"

Wanawake walichambua mchele kwa bidii sana. Ngumbang aliokota popoo, akaigeuzageuza, akairudisha kwenye sahani bila kuikata.

"Halafu, Mzee," alisema Sanggau kwa sauti ya chini, "tusidanganyane. Siku ile ya kapu, hapa kuna wanaume saba wenye vipingo. Nani alivua?"

Wote walitazama sakafu, hata Ngumbang.

"Kilichokuwemo kabla ya kifo," alisema hatimaye, "kimekuwa mwili. Mwili hauvuliwi. Kilichoingia baada ya kifo ni pambo. Huyu kajipamba wakati baba yake hajamaliza hata mwezi ardhini. Kitoke leo, jua lisizame nacho. Na atatoa kuku mmoja, kuitoa nyumba kwenye aibu."

Ulikuwa uamuzi mzuri, na wote waliuona ni mzuri. Hapo ndipo Lemok alipofungua mlango. Hakuwa ameitwa.

"Baba mdogo, kuku nitatoa. Lakini anayejua kukitoa ni nani?"

"Kinavutwa."

"Vifundo vimezama. Nikikata nyama nitafute kifundo, damu nitaizuia na nini?"

"Mpelekeni zahanati," mmoja alisema.

"Kwa mto huu? Mtumbwi unaburutwa zaidi ya unavyoelea. Kesho jioni hatujafika. Na hajakojoa tangu jana."

Sanggau alitikisa kichwa. "Hata akifika. Mwaka jana yule jamaa wa nyumba ya juu, tabibu wa zahanati alimwambia toa. Akatoa. Tundu likafunga juu, usaha ukabaki ndani. Alipelekwa mjini amelazwa juu ya mlango. Karudi hai, lakini nusu hakurudi nayo."

Hakuna aliyecheka.

"Aliyejua kazi hii mto mzima," alisema Ngumbang, na sauti yake ikapungua, "ndiye tuliyemzika."

Ilikuwa kweli. Baba yake Unchat ndiye aliyewatoboa Sanggau na wenzake. Watu walikuja kwake kutoka nyumba tano, wakakaa wiki, wakarudi wakitembea polepole. Marehemu hatajwi jina mpaka tanga livunjwe, kwa hiyo wote walikaa pale wakimfikiria mtu mmoja bila kumwita.

*

Lemok alirudi ndani akafunga mlango. Unchat alikuwa amelala kifudifudi, kisha ubavu, kisha akaketi, kwa kuwa hakuna mlalo uliomfaa. Tumbo la chini lilikuwa gumu kama ngoma.

"Kwa nini sasa?" alimuuliza. "Miaka yote hiyo. Mimi nilikuambia nina shida na kitu?"

"Si wewe."

"Ni nani basi?"

"Aliwatoboa wanaume wa mto mzima. Aliwatoboa watu asiowajua hata kwa sura. Mimi nilimwomba mara mbili. Akaniambia ngoja. Nimengoja mpaka nimemzika."

Lemok alichukua koleo ndogo kwenye kopo la vifaa, akaitazama, akaona kutu, akairudisha.

"Hiyo weka," ilisema sauti nyuma ya mkeka.

Mjane haongei wakati wa tanga ila kwa kunong'ona, na kwa wanawake tu. Siku ishirini na sita Mama Unchat alikuwa ameomba maji, ameomba chumvi, na hakuomba kitu kingine. Lemok alisogea karibu na mkeka akapiga magoti.

"Mama, umesema?"

"Nimesema koleo weka. Ukikitoa bila kutia kingine, mlango unafunga na uchafu unabaki. Hakitolewi. Kinabadilishwa."

"Mkuu kasema kitoke."

"Kitatoka. Hakusema tundu libaki tupu." Kinu cha tambuu kiliwekwa chini. "Unaona ncha?"

"Moja, kidogo. Kushoto."

"Rangi gani pembeni?"

"Kijani."

"Shaba hiyo. Shaba haiingii kwenye kidonda. Ni ya mtu aliyepona miaka. Ikikutana na maji ya mwili inalia machozi ya kijani." Alinyamaza kidogo. "Yeye tuliyemzika hakuwahi kumtia mtu shaba mwanzo. Wala chuma chenye mizunguko kama parafujo, maana kila mzunguko ni kisu."

Lemok alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka minane, wakipanda mpunga pamoja, wakipika jiko moja. Hakujua kwamba alijua.

"Ulikuwa unatazama, mama?"

"Nani unadhani alikuwa anachemsha maji?"

"Sasa alikuwa anatia nini mwanzo?"

"Unyoya."

"Unyoya?"

"Wa kuku. Wa bawa, ule mnene. Kijiti chake ni laini, hakina kutu, na ndani kina tundu. Usaha unapita humo humo unatoka. Kuku wa faini yuko wapi?"

"Bado yuko chini ya nyumba."

"Mng'oe unyoya kabla hajaenda kwa Ngumbang."

*

Maelekezo yalikuja kutoka nyuma ya mkeka moja baada ya jingine, na Lemok aliyafanya kwa utaratibu huo huo. Chungu kidogo cha maji, chumvi ya konzi moja, majani saba ya tambuu, yachemke mpaka maji yawe na rangi ya chai. Mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni. Unyoya ukwanguliwe manyoya yote, ukatwe ncha zote mbili, uchemke humo humo, upakwe mafuta ya nazi mapya.

"Urefu gani, mama?"

"Kipimo kinachukuliwa pamevimba, si pamebanwa. Halafu unaacha nafasi ya punje moja ya mpunga upande huu, na punje moja upande huu."

"Punje iliyokobolewa?"

"Yenye maganda. Usiwe mchoyo."

Unchat alikuwa anasikia yote. Alijifunika uso kwa mkono. "Mama, nakuomba. Unanong'ona kwa sauti."

"Mwambie mumeo mimi siongei na wanaume," ilisema sauti. "Mwambie aketi kwenye beseni la maji ya mtoni ahesabu mia mbili. Baridi inapunguza."

Alihesabu. Lemok alitumia muda huo kuuliza, kwa sababu maswali yalikuwa yamejaa na hakujua kama mlango huo ungefunguka tena. Kuna aliyewahi kufa? Hapana, ila wawili walizimia, na mmoja alizimia kabla hajaguswa. Kidonda kinachukua muda gani kupona? Kutoka kupanda mpaka kuvuna, na anayesema mwezi ni mwongo. Unyoya unakaa siku ngapi? Siku kumi na mbili, unabadilishwa mwingine mnene kidogo, na kila mara mpya unausukuma wa zamani, tundu lisikae wazi hata kwa pumzi moja. Baada ya unyoya? Mti mweusi uliosuguliwa kwa jani gumu mpaka ukiupitisha kwenye nywele haunasi.

"Na baada ya mti?"

"Hapo mke ndiye anayechagua."

"Anachagua nini?"

"Kitu na urefu. Wengine walitaka shaba iliyong'arishwa, wengine chuma, siku hizi Lulong nasikia kamnunulia Sanggau kile cha mjini kisichoshika kutu."

"Wewe ulichagua nini, mama?"

Unchat aliacha kuhesabu.

"Mia na arobaini," alisema Lemok haraka, "endelea, Baba Siah."

"Pembe ya kulungu," alisema mjane. "Shaba ina baridi asubuhi."

Lemok aliuma kitambaa cha kichwani asitoe sauti. Unchat alihesabu kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Kisha kazi ikaja. Unchat alisimama, mikono imeshika boriti juu ya kichwa. Lemok alipiga magoti mbele yake, mwanga wa dirishani ukiwa upande wa kulia. Kwa kidole na kitambaa kilicholowa maji ya moto alisukuma nyama nyuma, kidogo kidogo, upande wa kushoto, mpaka kifundo kikaonekana. Tagau alikuwa amekigongea kwa ufundi. Hakikuzunguka.

"Hakitoki, mama."

"Usivute. Kimefungwa kwa nini?"

"Kwa risasi, nadhani. Laini. Kina alama ya nyundo."

"Basi kikwangue na kisu kidogo kilichochemka. Risasi inakubali. Si nyama, ni risasi. Angalia unachokata."

Kisu kilikwangua. Vipande vya risasi vilianguka juu ya mkeka, vyembamba kama magamba ya samaki. Unchat alitoa sauti ya ng'ombe. Kila mtu barazani aliisikia, na mazungumzo ya huko yakakoma.

"Kimetoka kifundo," alisema Lemok.

"Sasa unyoya. Uweke ncha kwa ncha na pini. Unasukuma unyoya, unyoya unaisukuma pini, pini inatokea kulia. Usiache nafasi katikati. Polepole kama unatia uzi."

"Mama, ananitazama. Siwezi akinitazama."

Kulikuwa na mwendo nyuma ya mkeka. Mama Unchat aliinuka, akasimama karibu kabisa, mgongo kwao. Kivuli cha kisogo chake kilionekana kupitia ufumaji. Alipozungumza hakunong'ona.

"Unchat."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko amwite.

"Mama."

"Hakukunyima. Mwaka ule uliomwomba, mkono ulikuwa umeanza kumtetemeka. Aliwaambia wageni kazi imekwisha, wewe hukuona kwamba hawakuja tena? Alikaa hapo mlangoni akijaribu kutoboa kipande cha ndizi mbivu. Siku nyingi. Kila siku kinapasuka. Aliniambia, huyu nikimwumiza sitalala. Akaona heri umchukie kuliko ujue."

Unchat alifumba macho. Lemok alisukuma.

Pini ilitokea upande wa kulia na kuanguka sakafuni kwa mlio mdogo, ikabingirika mpaka kwenye ufa, ikanasa hapo. Nyuma yake ilitokea ncha nyeupe ya unyoya, na ndani ya unyoya ikaja damu nyeusi, kisha usaha, kisha damu nyekundu. Lemok alifunga uzi ncha zote mbili. Alimwaga maji ya tambuu, kikombe baada ya kikombe, mpaka chungu kikaisha.

"Umeingia," alisema.

"Punje?"

"Punje moja, punje moja."

Mama Unchat akaketi. Walimsikia akiketi.

*

Ngumbang aligonga jua likiwa bado juu ya miti. Hakuingia. Lemok alimpa pini kupitia mlango, kwenye jani la ndizi. Alimpa pia kuku, aliyekuwa na bawa moja lililochakaa.

Mzee aliitazama pini kwa muda mrefu. "Hii ya kumi na tano."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Zangu za akiba zimekwisha," alisema, kisha akaona haya kwa kusema hivyo. "Tundu liko wazi?"

"Lina unyoya."

"Unyoya gani?"

"Wa huyo kuku."

Ngumbang alimgeuza kuku, akaliona bawa, akafikiri. Wanaume nyuma yake walikuwa wamenyoosha shingo. "Ungekuwa wa hondohondo ningesema neno," alisema. "Watu hujipamba kwa hondohondo. Sijaona mtu aliyejipamba kwa kuku. Hiyo ni dawa." Akageuka kuwaambia wengine, ingawa wote walikuwa wamesikia. "Ni dawa."

"Kakojoa?" aliuliza Sanggau.

Lemok alitikisa kichwa, akafunga mlango.

Hilo ndilo lililobaki. Unyoya uliingia vizuri, uvimbe ulianza kulegea, lakini tumbo lilikuwa bado gumu, na Unchat alikuwa na rangi ya majivu. Lemok alimpa maji ya mchele vuguvugu. Alimkalisha tena kwenye beseni. Alimkanda mgongo. Kona ya nyuma ya chumba, sakafu ya mianzi ina nafasi pana kidogo kati ya fito, na chini yake, mita tatu, wamelala nguruwe. Alimsimamisha hapo.

"Jaribu."

"Haiji."

"Usiogope itachoma. Itachoma tu."

"Lemok, haiji, nakuambia."

Barazani wanaume tisa walikuwa wametega masikio. Lulong alikuwa ameacha mchele. Mama Unchat alichukua kata, akachota maji kwenye mtungi nyuma ya mkeka, akayamimina kwenye sufuria kutoka juu. Polepole. Akachota tena, akamimina. Alifanya hivyo kama mtu asiye na haraka, kama alivyofanya wakati Unchat akiwa mtoto wa kubebwa.

Akachota tena.

Kulikuja sauti ya tone moja juu ya jani kavu chini ya nyumba. Kisha mawili. Unchat alimlaani Tagau, akamlaani mama yake Tagau, akashika nguzo kwa mikono miwili. Kisha ikaja, ikitoka njia mbili badala ya moja, kwanza kwa kukatika, halafu kwa nguvu, ikiwapiga nguruwe waliokuwa wamelala, na nguruwe wakaamka wakikurupuka, wakapiga kelele, wakagonga nguzo za nyumba wakikimbilia mtoni. Haikuisha. Iliendelea kwa muda ambao mtu angeweza kukoboa mpunga wa mlo.

Nyuma ya mkeka Mama Unchat alianza kucheka. Aliziba mdomo, kicheko kikatokea puani. Akaweka kata chini, akajifunika kitambaa, lakini wapi. Kilitoka kikubwa, cha mwanamke mnene, kikapita ukuta wa gome na kwenda baraza nzima kutoka chumba cha kwanza hadi cha kumi na nne, na ndani yake kulikuwa na kilio, na hakuna aliyeweza kusema kimoja kinaishia wapi.

Mjane kacheka siku ya ishirini na sita. Wanaume walimtazama Ngumbang. Lulong naye alimtazama, mkono mdomoni.

Ngumbang alimkumbatia kuku wake kifuani. Alitazama mlango wa kaka yake, akatazama watu mmoja mmoja. Kisha mtu yule wa taratibu, aliyekuwa amewanyamazisha wote siku ishirini na sita, akaanza kuzungumza juu ya kina cha mto. Alisema umepungua. Alisema akiwa kijana aliwahi kuuona umepungua zaidi ya hapo. Aliongea kwa sauti kubwa, ya mtu anayeita mtumbwi ng'ambo, na kila kicheko kilipopanda nyuma ya ukuta, naye alipandisha sauti yake zaidi.